Ufizi Usioguswa na Chuma

Mikindani
9 Machi 2003

Mdogo wangu Asadi,

Assalaam aleikum. Huku wote wazima ila mdomo wangu. Mama anakusalimu, na mtaa mzima unakusalimu, maana siku hizi sipiti dukani bila mtu kuniuliza, "Dokta hajambo?" Hajambo, nawaambia, yuko Dar es Salaam anawang'oa watu meno. Wanacheka, na mimi kichwa kinanivimba. Nikufiche nini?

Sasa dada yake dokta ndiye mgonjwa. Ufizi wa juu unatoka damu kila nikipiga mswaki, na meno mawili ya mbele yameanza kucheza. Si sana, lakini nikiyasukuma kwa ulimi yanaitika. Nilikwenda hospitali ya mkoa nikamkuta Bwana Petro wa meno, yule Mmakua mrefu. Akanichungulia kwa kioo chake, akanipiga picha, akasema ukoga umegeuka jiwe na umejificha chini ya ufizi, ndio unaoula. Anataka kunisafisha kwa vyuma vyake, leo kidogo na wiki nyingine kidogo, na nipime sukari. Akaniambia, "Mwalimu, tukiwahi, haya meno yatakaa."

Lakini nikaikumbuka ile karatasi uliyotuletea wakati wa Idi, yenye picha ya mashine ya kwenu. Matibabu ya meno kwa mwanga wa leza, hakuna kukwangua, hakuna damu, hakuna maumivu. Basi nataka uniambie wewe, kama dokta na kama ndugu: leza inanifaa mimi au hainifai? Usinijibu kama unavyomjibu mteja aliyeingia kutoka barabarani.

Unajua ninachoogopa. Watoto wa huku huja chuoni kwangu wakisema "selasini" na "zambi". Kurani nayo haitaki mchezo huo. Na hawajifunzi kwa maelezo, wanatazama mdomo wangu. Ninawaonyesha: ulimi uje hapa, ncha iguse hapa, kwenye meno haya mawili. Miaka yote hii wazazi wananiletea watoto mpaka kutoka Ziwani kwa sababu ya mdomo huu. Yakitoka haya mawili sina chuo, Asadi, nitakuwa mama mmoja tu aliyeshika fimbo.

Barua nimempa Hemedi wa basi. Ukimaliza kusoma mpe jibu, usimzungushe.

Dada yako,
Mwaisha


Dar es Salaam
28 Machi 2003

Dada yangu mpenzi Mwaisha,

Waaleikum salaam. Pole sana, pole tena. Barua yako niliisoma kazini, katikati ya wagonjwa, ikabidi nitoke nje kidogo nivute pumzi. Niombee radhi kwa Hemedi, nilimzungusha kweli.

Kitaalamu, tatizo lako ni ugonjwa wa fizi. Ni kitu cha kawaida na usikiogope. Zamani watu walikuwa wakikwanguliwa na vyuma, na huko mikoani bado wanaendelea hivyo kwa sababu hawana vifaa. Simlaumu Bwana Petro, anatumia alichonacho. Lakini wenzetu walioendelea wameshatoka huko. Mwanga wa leza unapita kwenye ufizi, unaua vijidudu vyote, ufizi unajifunga wenyewe na meno yanakaza. Mgonjwa anaingia asubuhi, mchana anakula wali.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba inakufaa, tena wewe kuliko mtu yeyote, kwa kazi yako ya kusomesha.

Jambo moja tu ulizingatie sana. Leza inataka ufizi usioguswa na chuma. Ukishakwanguliwa, mwanga haushiki vizuri. Kwa hiyo mwambie Petro asubiri. Mashine imeshafika na mafundi wanaifunga. Mwezi wa sita hivi nitakuita.

Mpe Mama salamu, na wote wanaoniulizia.

Mdogo wako,
Asadi


Mikindani
20 Aprili 2003

Asadi,

Assalaam aleikum. Barua yako imenikuta nimeshaguswa na chuma. Petro alinisafisha taya la chini wiki moja kabla. Iliniuma, sikatai, nikatema damu na vipande vigumu vya rangi ya udongo, nikaona aibu mbele ya mwanamume wa watu. Lakini taya la chini leo halitoki damu hata tone. Nakuambia kama lilivyo.

Nikamwonyesha barua yako, usinune. Aliisoma taratibu, akaniuliza: huo mwanga unalitoa jiwe lililo chini ya ufizi, au unapita juu yake tu? Mfupa ulioliwa unarudi? Na mbona Dokta hajauliza sukari? Nimepima, imepanda kidogo, nimeambiwa nipunguze wali na chai ya sukari nyingi. Petro anasema hiyo mashine hajaiona kwa macho yake, kwa hiyo haisemi vibaya, ila anashangaa mtu kutibiwa kwa barua bila picha yake kuonwa.

Nikampandishia! Nikamwambia mdogo wangu amesomea Dar, hakusomea chini ya mkorosho. Watu waliokuwa kwenye benchi wakageuka wote. Yule bwana akanipa picha yangu niondoke nayo.

Hiyo hapo, nimeifunga kwenye kanga ya zamani isikunjike. Waonyeshe na madaktari wenzako. Petro amenipa Jumatatu ya tarehe kumi na tisa Mei, baada ya Maulidi, kwa taya la juu. Sasa sitaki maelezo marefu, nataka neno moja. Niende, au nisiende? Ukisema niende nitakwenda na nitauma meno, hayo yanayoumika. Ukisema nisiende, hata aje kunichukua na gari la hospitali hanipati.

Mimi sijui leza wala siijui picha hii, naona vivuli tu. Ninayekujua ni wewe.

Dada yako,
Mwaisha


Dar es Salaam
11 Mei 2003

Dada Mwaisha,

Usiende.

Picha imefika salama. Tumeikalia mimi na Dokta Helena, mkuu wa kliniki, tukaiinua kwenye taa tukaiangalia kwa makini. Na yeye anasema vile vile nilivyosema mimi, meno yana nafasi nzuri na leza itafaa kabisa. Sukari kidogo si neno, huu ni mwanga, si kisu. Mwambie Bwana Petro tunamshukuru, kuanzia sasa mgonjwa ni wetu.

Mafundi wamechelewa kidogo. Nadhani daraja la Rufiji likifunguliwa na mashine itakuwa tayari, utapanda basi moja kwa moja. Kwa sasa sukutua maji ya chumvi, na ufizi usiguswe.

Mdogo wako,
Asadi


Mikindani
17 Agosti 2003

Asadi,

Assalaam aleikum. Daraja limefunguliwa, tumelisikia redioni, watu wamepiga vigelegele. Na mimi nipo hapa hapa nimeshika shavu.

Mwezi wa sita ukapita, wa saba ukapita. Ufizi ukavimba. Nikisoma na watoto damu inanijaa mdomoni, namezea, maana sitaki wanione natematema mbele ya msahafu. Nikaenda Mpapura kumwona mama mdogo Asia, nikalala kwake siku mbili. Aliponiona hivi akasema dawa anayo. Akachukua maganda ya korosho ya msimu uliopita, akayaweka motoni yakatoa mafuta, akachovya pamba, akanibandika juu ya meno yale. Unakumbuka tulivyokuwa tukipakwa kwenye nyufa za miguu? Na wazee jino likitoboka, tone moja tu, maumivu kwisha. Nikasema Bismillahi, nikafumba macho.

Ufizi umebabuka, Asadi. Uliota weupe kama utando wa maziwa, halafu ukachunika. Siku nne nimekunywa uji wa baridi kwa kijiko. Chuma ulinikataza, korosho hukunikataza.

Petro alipofungua mdomo wangu aliuliza kitu gani hiki. Nikamweleza, na nikamweleza pia kwamba miezi yote hii nasubiri leza kwa agizo lako. Akanipa dawa ya kusukutua ya vidonda. Akasema bado kuna la kufanya, anisafishe wiki hiyo hiyo. Nikakataa. Unaona ninavyokusikiliza? Mama yetu sijawahi kumsikiliza hivi.

Meno sasa hayaitiki tu, yanatembea. Nikisema "dhahabu" ulimi unatafuta pa kushika. Watoto wakubwa wanaangaliana. Kama kuna kitu hunielezi, nieleze. Kama mashine haipo, sema haipo. Taja siku, nami nitakuja hata kwa lori la chumvi.

Dada yako,
Mwaisha


Dar es Salaam
14 Septemba 2003

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi zimebana mno. Mashine imepata hitilafu, kuna kifaa kinasubiriwa kutoka Ulaya. Siyo mimi peke yangu, hata wagonjwa wengine wanalalamika.

Hayo mafuta ya korosho pole sana, ungeniuliza kwanza. Lakini vidonda vya kuungua hupona, na leza huwa inasaidia hata vidonda. Ukiona maumivu yamezidi sana, basi labda. Hapana, subiri tu. Baada ya Ramadhani kila kitu kitakuwa sawa.

Kuna siku nilitaka kukuandikia mambo mengine, nikakosa nafasi. Nakutakia mfungo mwema. Niombee dua.

Asadi


Mikindani
7 Desemba 2003

Asadi,

Salamu nimekutolea moyoni kwa sababu ni wajibu wangu. Kwenye karatasi sina.

Jino la kulia lilitoka katikati ya Ramadhani, kwenye muhogo wa futari. Halikuuma. Nililitema mkononi nikalitazama, Mama akasema, "Usilie, Dokta atakuwekea jingine." Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikatulia kweli. Idi ilipokwisha nikapanda basi la Hemedi. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka kukushtua. Nilikuwa nimekuchukulia korosho za kukaanga na visheti, na njia nzima nawaza uso wako utakavyokuwa ukiniona.

Kliniki nikaiona, nzuri, ina vioo. Nikamwambia msichana wa mapokezi namtaka Dokta Asadi. Akasema hapa hakuna dokta wa jina hilo. Akafikiri kidogo, akasema, "Kuna Asadi wa vyombo, anayeosha na kuchemsha vifaa. Ni yeye?" Nikasema hapana, siye. Sijui kwa nini nilikataa. Nafikiri nilikuwa bado nakusitiri.

Nikaomba kuonana na Dokta Helena kama mgonjwa yeyote. Mama mpole, hana haraka. Nikamwuliza kuhusu mashine iliyoharibika. Akanishangaa. Ilikuwa pale pale kwenye kona imefunikwa kitambaa cheupe, inafanya kazi tangu mwezi wa kwanza na haijalala hata siku moja. Nikamwuliza kuhusu picha yangu mliyoiinua kwenye taa. Hajawahi kuiona. Nikamwuliza anamjua mwalimu mmoja wa Mikindani mwenye meno yanayocheza. Hajawahi kumsikia.

Basi nikamweleza ya Petro na ya kukatazwa chuma, kisha nikamwuliza lile swali nililokuuliza wewe mwezi wa tatu. Leza inanifaa mimi au hainifai? Akanijibu bila kupepesa. Alisema leza ni kitu kizuri kwa kazi zake, ufizi uliozidi inaupunguza, vidonda vingine vya mdomoni inavifunga, wagonjwa wengine wenye woga inawapunguzia sindano. Lakini mtu mwenye jiwe chini ya ufizi na mfupa ulioanza kuliwa hapewi mwanga peke yake. Kwanza mizizi isafishwe kwa chuma, kwanza sukari ishuke. Mwanga ukija, unakuja nyuma ya hayo, kusaidia tu, na wengi hata hawauhitaji. Mfupa ulioondoka haurudishi. Akasema yule tabibu wa kwetu alikuwa anafanya sawasawa, angeachiwa, haya meno yangekaa miaka. Halafu akaniuliza, "Nani alikuambia usiguswe na chuma?"

Nikasema, mtu wa kwetu.

Jino la kushoto halikuwa na pa kushikilia. Nikamwambia alitoe. Nilipokuwa nimejazwa pamba mdomoni, kichwa kimelazwa nyuma, mlango ukafunguka ukaingia wewe. Barakoa usoni, glavu nene za mpira. Nilikujua kwa mabega. Hukunitazama, ulikuwa unatazama trei. Ukaokota koleo lenye damu yangu, na jino langu likiwa pembeni yake, ukasema, "Samahani, mama," ukatoka. Nilitaka kuita jina lako. Nani anaweza kuita na pamba mdomoni?

Samahani, mama! Nimekubeba mgongoni Mama alipokuwa shambani. Nimekufundisha Alhamdu mpaka ukaweza. Na wewe umebeba jino la dada yako kwenye trei ukaenda kulimwaga.

Usifikiri nimekasirika kwa sababu unaosha vyombo. Kuosha vyombo ni kazi, na wallahi ningejisifu nayo mtaani. Ningesema mdogo wangu anahakikisha watu hawaambukizani. Kilichonichoma ni kwamba nilikuuliza kwa kituo. Nilikuambia neno moja tu, niende au nisiende, na nikakuambia sijui chochote ila wewe. Ungesema "Sijui, dada," leo ningekuwa na meno yangu. Ulikuwa na nafasi mwezi wa tatu, na wa tano, na wa tisa, na kila mara ukachagua udokta ukaniacha mimi nioze. Umeniuza, Asadi. Umeniuza kwa jina la kuitwa dukani.

Korosho na visheti nilimwachia msichana wa mapokezi, nikamwambia ni zawadi ya wafanyakazi. Labda na wewe umekula.

Mwaisha


Dar es Salaam
21 Desemba 2003

Dada yangu,

Nilikula. Nilisema mbele ya wenzangu, korosho hizi ni za kwetu, nazijua. Wakacheka.

Sijalala vizuri tangu barua yako ifike. Najaribu kukumbuka siku ile na sikumbuki. Kila mtu aliye kwenye kile kiti namwambia samahani mama, samahani mzee, halafu naangalia trei, maana hatutakiwi kuwaangalia wagonjwa. Ningekuangalia, dada. Haki ya Mungu, ningejua ni wewe ningekuangalia.

Chuo cha udaktari niliondolewa mwaka wa kwanza. Nilifeli. Nilipokuja nyumbani Idi ile nikiwa na koti jeupe la kazini, mtu mmoja dukani akasema "Dokta huyo," nikacheka tu, nikadhani ni utani utakaokwisha jioni. Kesho yake Mama anamwambia kila anayepita. Ningesema nini? Nilichokuandikia nilikitoa kwenye zile karatasi za mapokezi. Ile ya chuma niliisoma vibaya, wameandika kwamba leza haigusi ufizi kwa chuma, nami nikaigeuza kuwa sharti. Nilipoigeuza sikuweza tena kuirudisha. Picha yako iko chini ya godoro langu, kwenye kanga yako. Niliogopa kumwonyesha Dokta Helena kwa sababu angeuliza ni nani anayekutibu.

Sikukusudia, dada. Nilifikiri nitapata njia. Nilifikiri siku moja nitamwomba Dokta Helena akupokee.

Naomba kitu kimoja na sitaomba kingine. Usimwambie Mama. Niachie mwenyewe. Idi ya kuchinja nakuja, nitakaa naye, nitamwambia kwa mdomo wangu, na mtaani nitasema pia. Niruhusu angalau hilo nilifanye kiume. Kisha nikuombe radhi ana kwa ana, na meno ya bandia nitakuwekea kwa jasho langu.

Nisamehe.

Asadi


Mikindani
22 Februari 2004

Asadi,

Assalaam aleikum.

Nilinyamaza kama ulivyoomba. Watu waliniuliza meno yamekwenda wapi, nikasema ni mapenzi ya Mungu. Waliniuliza Dokta amesemaje, nikasema amesikitika. Nimesema uongo kwa ajili yako tangu Desemba mpaka Idi, mimi ninayewachapa watoto kwa uongo.

Idi ikafika. Tulichinja, Mama akakuwekea fungu lako la nyama mpaka likaharibika. Halafu mwenye duka akaja mbio, umepiga simu. Umemwambia hutaweza kuja, wagonjwa wamekuwa wengi. Wagonjwa, Asadi! Alisimama uani akatutangazia, Mama akafurahi, akasema ona mwanangu watu wanavyomtegemea. Nilikuwa nimeshika sahani. Niliiweka chini taratibu ili nisiivunje.

Chuo nimekifunga. Meno ya bandia Petro alinitengenezea, mazuri tu, lakini nikisoma kwa sauti yanaruka, na Kurani huwezi kuwasomesha watoto kwa kunong'ona. Nikayavua nikaendelea hivyo hivyo, nikidhani wataelewa. Kuna kabinti kadogo, Mwanahamisi, kana miaka sita na meno yake yote kinywani. Siku hiyo nikamsikia anasoma anapuliza hewa, ulimi unampita nje, kila herufi ya kushika meno anaipiga pembeni. Nikamwambia, mbona hivyo? Akanitazama, akasema, "Si ndivyo unavyofanya mwalimu?" Nikawasikiliza wengine mmoja mmoja. Wadogo wote walikuwa wanasoma kama mimi. Nilikuwa nawaharibu, na wao wananiiga kwa mapenzi. Siku hiyo hiyo nikawapeleka kwa Mwalimu Abdulrahmani wa chuo kingine, nikamkabidhi, nikarudi nyumbani nikafagia uwanja mtupu.

Hayo ni yangu, nitayabeba. Barua hii si ya hayo.

Shavu la Mama limevimba tangu wiki iliyopita. Jino la nyuma, na sasa ana homa, na uvimbe unashuka chini ya taya. Nikamwambia twende kwa Petro, ni hapo tu, na Petro mwenyewe alikuja mpaka mlangoni akasema uvimbe huu na homa hii si vya kusubiri. Mama akafunga mdomo wake kwa upande wa kanga. "Nina mtoto dokta," anasema, "niguswe na mtu baki?" Akataka leza. Ulivyomwambia mwenyewe ile Idi, haiumi.

Nikaona basi, ahadi yangu kwako imekwisha. Nikamkalisha nikamwambia yote. Nilianza na chuo ulichofukuzwa nikamalizia na koleo. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Meno yamekutoka, na huruma nayo imekutoka. Tangu utoto ulikuwa hupendi asifiwe." Nikaapa. Akasema hata maneno yangu siku hizi hayaelewi vizuri, nirudie. Nikarudia. Akageuka ukutani. Mama yangu mzazi hajawahi kunikana, Asadi, na amenikana kwa ajili yako, na mdomo ulionifanya nisiaminike umeuharibu wewe.

Alfajiri hii anapanda basi la Hemedi. Nilitaka kumsindikiza, amekataa kukaa na mimi kiti kimoja. Nimemfungia dawa za homa alizotupatia Petro, Hemedi ameahidi atamnywesha njiani na atamfikisha kwako mkononi, usiku au mchana.

Nimemwomba abebe barua hii, akasita, kisha akakubali, anasema ataiweka kifuani. Anajua Kurani nzima lakini herufi hizi za kizungu hazisomi, unajua. Kwa hiyo sasa hivi amekaa hapo mbele yako, shavu limejaa, anakutazama unavyosoma. Ukimaliza atafungua mdomo wake kwako, huo aliomkatalia kila mtu.

Mpeleke kwa Dokta Helena leo hii. Lakini hatakubali kwenda mpaka ajue wewe si nani, na mimi ameshakataa kuniamini.

Atakuuliza dada yako ameandika nini. Msomee.

Mwaisha